Ushindi upi wa Simba barani Afrika usiofutika, na ni nini hasa kilichotushindia?

Mzunguko
Heshima kwenu wadau. Juzi nilibishana hadi usiku na mdogo wangu, ambaye ameanza kuishabikia Simba mwaka 2018, kuhusu ushindi mkubwa kuliko wote ambao klabu yetu imewahi kuupata katika mashindano ya Afrika. Yeye anasema ni ule wa AS Vita, Machi 16, 2019, Clatous Chama alipofunga dakika za mwisho tukatinga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mimi nasema hakuna unaoufikia ule wa mwaka 2003, tulipomvua ubingwa Zamalek nyumbani kwake Cairo kwa mikwaju ya penalti.

Pamoja na kukumbushana, ninalo dai ambalo naomba mlipime. Ninaamini kwamba ushindi wetu mkubwa huletwa na watu walioko majukwaani kabla ya wachezaji. Hata Zamalek alianza kuanguka hapahapa Kwa Mkapa, pale Emmanuel Gabriel alipomfunga bao moja katika mchezo wa kwanza huku uwanja mzima ukiwa umesimama, na kule Cairo alikwenda kumalizikia tu. Nawasikiliza.

Kibendera
Mkuu Mzunguko, bao la Gabriel ni kweli na matokeo ya 1-0 ni kweli, lakini mahali umekosea. Mwaka 2003 uwanja huu mkubwa haukuwepo. Ulifunguliwa mwaka 2007, ukaitwa Uwanja wa Taifa, na jina la Benjamin Mkapa ulilipata mwaka 2020 baada ya Rais huyo mstaafu kufariki. Zamalek tulimfunga kwenye uwanja wa zamani, huu wa jirani unaoitwa Uhuru. Nasahihisha kwa sababu dai lako linategemea kelele za mahali, na mahali penyewe si pale.

Mzunguko
Nimekubali, ahsante kwa sahihisho. Watu walikuwa walewale hata hivyo.

Betri Mbili
Vijana, mnaanzia 2003 kana kwamba Simba ilizaliwa mwaka huo. Mimi nina umri wa kuikumbuka 1979, na sijaona tangu wakati huo jambo linalokaribia lile. Katika Klabu Bingwa Afrika tulipangwa na Mufulira Wanderers wa Zambia. Mchezo wa kwanza tukafungwa mabao manne kwa bila, na mchezo wa marudiano tukaenda kwao tukawafunga matano kwa bila. Jumla 5-4, Simba ikasonga mbele. Thuweni Ally ndiye aliyefunga mabao matatu siku ile, na kwa miezi mingi watoto wa mtaani kwetu kila mmoja alitaka aitwe Thuweni.

Nilikuwa kijana wa shule. Redio ya baba ilikuwa ya betri, na betri zilipochoka tulikuwa tukizianika juani juu ya bati ili zirudishe nguvu kidogo. Siku ile ziliachwa juani tangu asubuhi, na hakuna aliyeruhusiwa kuiwasha redio mpaka wakati wa taarifa ya habari. Msomaji alipotaja 5-0, baba alidhani tumefungwa tena, akanyanyuka kwenda kuizima. Mama ndiye aliyemshika mkono akamwambia asikilize vizuri ni nani aliyetajwa kwanza.

Dakika ya Tisini
Shikamoo mzee Betri Mbili. Kisa kizuri sana. Naomba kuuliza tu: mchezo wa kwanza ulikuwa Zambia na wa pili Dar es Salaam, sivyo? Maana kurudisha mabao manne ugenini haiingii akilini.

Betri Mbili
Marahaba. Ni kinyume chake, na ndiyo sababu nimeandika. Manne tulifungwa hapa Dar es Salaam, mbele ya macho yetu, na matano tuliyafunga kwao. Kwa hiyo Mzunguko ajibu: kama majukwaa ndiyo hutushindia, walikuwa wapi siku tulipofungwa manne nyumbani, na ni nani aliyetupigia kelele kule Zambia?

Dakika ya Tisini
Nimenyamaza kuhusu 1979, lakini namtetea mdogo wake Mzunguko kuhusu Vita, kwa sababu watu wanalisahau jambo moja. Tuliingia mchezo ule tukiwa na pointi sita. Matokeo yalipokuwa 1-1, baada ya Mohamed Hussein kusawazisha, tulikuwa na pointi saba, yaani tulikuwa tunashika mkia wa kundi. Sare ingetutupa nje tukiwa wa mwisho kabisa. Bao la Chama lilitutoa mkiani likatupeleka kileleni mwa kundi pamoja na Al Ahly. Sijui mchezo mwingine ambao shuti moja lilibeba umbali mrefu namna hiyo.

Nilikuwa nimeketi karibu na baba mmoja wa makamo aliyekuja na binti yake wa miaka kama saba. Tangu dakika ya 80 yule baba alikuwa ameinama, kofia ameivuta hadi usoni, na binti ndiye aliyekuwa akimsimulia: “Sasa wetu wana mpira. Sasa wametupora. Sasa Chama.” Baada ya hapo sikumsikia tena, kwa sababu hakuna aliyemsikia mwenzake.

Hesabu za Kundi
Ndugu Dakika ya Tisini, kileleni hatukufika. Al Ahly alimaliza na pointi 10, sisi 9, JS Saoura 8 na Vita 7. Tulikuwa wa pili. Kundi tuliloliongoza ni la msimu wa 2020/21, tulipokusanya pointi 13.

Lakini kuhusu pointi zile tisa za 2019, Mzunguko ana ushahidi mzito kuliko alioutaja mwenyewe. Zote tulizipata nyumbani: Saoura 3-0, Al Ahly 1-0, Vita 2-1. Ugenini tulifungwa 5-0 Kinshasa, 5-0 Alexandria na 2-0 Algeria. Maana yake nyumbani tulifunga mabao sita tukaruhusu moja, na ugenini tuliruhusu kumi na mawili bila kufunga hata moja. Ni wachezaji walewale, kocha yuleyule Patrick Aussems, kipa yuleyule Aishi Manula. Tulifuzu robo fainali tukiwa na tofauti ya mabao hasi saba. Anayesema uwanja wa nyumbani haukuwa na kazi, aeleze kwanza hesabu hii.

Kibendera
Naijaribu. Tazama kundi lilelile, lakini lote. Katika michezo yote kumi na miwili hakuna timu hata moja iliyoshinda ugenini. Al Ahly, pamoja na ukubwa wake, alifungwa Dar es Salaam, akafungwa Kinshasa na akatoka sare kwa Saoura. Kama kelele zetu ndizo zilizomwangusha Al Ahly, nani aliyemwangusha Kinshasa? Soka la klabu barani mwetu lina safari ndefu za ndege, hali ya hewa ngeni, viwanja vigeni na kulala hotelini, na kila mwenyeji anafaidika na hayo. Sisi tumejipa sifa ya jambo ambalo kila klabu inalo. Nasema hivi nikiwa na kadi ya uanachama mfukoni.

Mwananchi wa Jangwani
Naomba ruhusa ya kupita, majirani. Nimesoma kwa heshima. Huo msemo wenu wa “Kwa Mkapa hatoki mtu” mimi naupenda sana, ila Novemba 5, 2023 sisi Yanga tuliingia humohumo tukawafunga 5-1 na tukatoka wote salama. Na mkitaka ushindi wa ugenini, Juni 2023 Yanga tulimfunga USM Alger 1-0 kwao Algiers katika mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho. Jumla ilikuwa sare, na kombe walilichukua wao kwa sababu tu walifunga mabao mengi zaidi ugenini. Na msisahau kwamba klabu ya kwanza ya Tanzania kucheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ni Yanga, mwaka 1998.

Betri Mbili
Karibu jirani, kaa. Ya 1998 ni haki yenu na hatuwanyang'anyi. Lakini ukileta tano, nami nitakuletea sita za Julai 19, 1977, na matatu kati ya hayo yalifungwa na Abdallah Kibadeni.

Mwananchi wa Jangwani
Mzee, shikamoo. Basi nami ninazo tano bila za mwaka 1968. Tukiendelea hivi tutafika hadi kwa babu zetu.

Dakika ya Tisini
Kabla hatujaondoka kwa watani, na mimi niiweke Mei 6, 2012. Yanga tulimfunga 5-0 siku ya kufunga msimu tukiwa mabingwa. Okwi alifunga mawili, na kipa wetu Juma Kaseja alitoka golini kwake akatembea uwanja mzima kwenda kupiga penalti na akafunga. Patrick Mafisango naye alifunga siku ile. Siku kumi na moja baadaye alifariki kwa ajali ya gari. Mimi siwezi kuitazama mechi ile nikafurahia tu. Kila akigusa mpira ninamtazama yeye.

Mwananchi wa Jangwani
Hapo hakuna Simba wala Yanga. Mungu amrehemu.

Kipa Mstaafu
Amina. Nirudi Cairo, kwa sababu naona watu wanaitaja kama bahati ya penalti, na mimi nimedaka katika ligi za mkoa kwa miaka tisa, kwa hiyo neno “bahati” hapo linanikera kidogo.

Zamalek walikuwa mabingwa wa Afrika, kombe la 2002 wakiwa nalo kabatini. Tulifungwa 1-0 kwao, jumla ikawa 1-1, tukaenda kwenye penalti tukashinda 3-2. Watu husema Kaseja alikisia. Mdakaji hakisii tu. Anautazama mguu anaosimamia mpigaji na nyonga yake, kisha anachelewesha kuruka kwa nukta moja ambayo kwenye televisheni huioni. Kaseja hakuwa kipa mrefu, na kipa asiye mrefu akiruka mapema amekwisha. Jambo ambalo halitajwi ni kwamba kocha wetu James Siang'a, Mkenya, mwenyewe alikuwa kipa wa timu ya taifa ya Kenya enzi zake. Mimi naamini kabisa kwamba ushindi ule ulitengenezwa mazoezini na mtu aliyekuwa anaijua kazi ya golini. Mashabiki hawakuwepo Cairo kwa wingi wa kumsaidia yeyote.

Na mpigaji wa penalti ya mwisho, marehemu Christopher Alex, naomba atajwe kwa jina lake kila tunapolisimulia tukio hili, kwa sababu wengi humtaja Kaseja wakaishia hapo.

Mzunguko
Kipa Mstaafu, umenigusa. Niliangalia mechi ile kwenye kibanda cha video, tumebanana kiasi kwamba nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja. Alex alipoweka mpira chini, mwenye kibanda, ambaye alikuwa Yanga, aliondoka mwenyewe akaenda kusimama nje ili asione. Mpira ulipoingia, yeye ndiye aliyefungua mlango kwanza kuuliza, na watu walipotoka walimbeba juu pamoja na Uyanga wake.

Hata hivyo, ukinipa Cairo kama kazi ya kocha, bado ninayo ya Nkana wa Zambia, Desemba 23, 2018. Tulikwenda Kitwe tukafungwa 2-1. Hapa Dar es Salaam wakatangulia kutufunga wao. Mkude akasawazisha, Kagere akaongeza kabla ya mapumziko, na ikabaki 2-1, matokeo ambayo yangetupeleka kwenye penalti. Kuanzia dakika ya 75 watu hawakukaa chini tena. Kisha Chama akafunga kwa kisigino, mgongo wake ukiwa umeelekea lango. Ninaamini mtu hathubutu kufanya vile mbele ya uwanja ulio kimya.

Geti la Kutokea
Mkuu Mzunguko, mimi nina jambo kuhusu mechi hiyo ambalo huwa silisimulii. Tulikwenda na baba. Ilipofika dakika ya 86 alisema twende, kwa sababu magari yangejaa na yeye mguu ulikuwa unamsumbua. Tukateremka ngazi. Tulikuwa tumeshapita geti, tunatembea kuelekea barabarani, ndipo tukasikia. Haikuwa kelele ya kawaida ya goli. Zege lenyewe lilikuwa kama linaguna. Baba alisimama, akageuka kuutazama uwanja kwa nje, ukuta mtupu na taa, na akasema neno moja tu: “Nani?”

Hakuna aliyekuwepo wa kumjibu. Muuza maji aliyekuwa na redio ya simu ndiye aliyetuambia ni Chama, na kwamba kafunga kwa kisigino. Baba hakuamini kile cha kisigino mpaka alipokiona kwenye taarifa ya habari usiku.

Hesabu za Kundi
Geti la Kutokea, pole sana kwa hilo, na ahsante kwa kulisimulia.

Naona hoja zimekuwa nyingi, na ninataka kuongeza moja inayozipinga zote. Al Ahly tumemfunga 1-0 mara mbili hapa, Februari 12, 2019 kwa bao la Kagere na Februari 23, 2021 kwa bao la Luis Miquissone. Wengi husema ni joto na unyevu wa Dar es Salaam wa mwezi Februari. Inawezekana, kwa Wamisri. Lakini Vita wanatoka Kinshasa, ambako joto na unyevu ni maisha ya kila siku, na tuliwafunga 2-1 na baadaye 4-1. Pia mwaka 2021 tuliwafuata hukohuko Kinshasa tukashinda 1-0 kwa penalti ya Chris Mugalu, pale palepale tulipofungwa tano miaka miwili kabla. Kilichobadilika katika miaka miwili ile ni kikosi. Uongozi ulisajili wachezaji wa viwango, ukawalipa, na wakakaa pamoja kwa muda. Miquissone alipompiga Al Ahly lile shuti la mbali, alikuwa anamfunga bingwa wa Afrika aliyekuwa ametoka kushika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia la Klabu mwezi uleule. Kelele peke yake haimfundishi mtu kupiga shuti la namna ile.

Mzunguko
Na 4-0 tuliyofungwa na Kaizer Chiefs msimu uleule, wakati kikosi ni hichohicho kilichoongoza kundi? Tuliporudi nyumbani tukawafunga 3-0, tukabakiza bao moja tu tuwapeleke kwenye penalti. Kikosi kimoja, wiki moja, viwanja viwili. Mimi bado nipo pale nilipoanzia.

Hesabu za Kundi
Hilo la Kaizer Chiefs nakupa. Sina jibu jepesi kwa 4-0 ile.

Kibendera
Nami ninayo ya kuwaongezea ninyi wawili. Mwaka 2012 tuliwafunga ES Setif 2-0 hapa, tukaenda Algeria tukafungwa 3-1, na bao lile moja la Okwi ndilo lililotuvusha kwa faida ya bao la ugenini. Kwenye kumbukumbu limeandikwa kama mchezo tuliofungwa, lakini niulizeni kama nilijisikia nimefungwa. Na Aprili 2025, Al Masry walitufunga 2-0 kwao, tukawarudishia 2-0 hapa kwa mabao ya Mpanzu na Mukwala, kisha Moussa Camara akasimama kwenye penalti tukashinda 4-1. Hapo mmoja atasema kelele, mwingine atasema kipa, mwingine usajili, na mechi ni moja.

Kipa Mstaafu
Kipa.

Betri Mbili
Mnasahau pia hali ya mtu aliyekwisha kuhesabiwa amekufa. Mwaka 1979 hakuna aliyewategemea wale vijana walipopanda safari ya Zambia. Hapakuwa na wa kuwadai ushindi. Mufulira nao, wakiwa na mabao manne mkononi, nadhani walishakula mbuzi kabla hajachinjwa. Nimefikiri juu ya mchezo ule kwa zaidi ya miaka arobaini, na nimeona kwamba ukimya wa nyumbani uliwasaidia kuliko ambavyo kelele ingewasaidia. Mzunguko usinikasirikie.

Mzunguko
Siwezi kukukasirikia mzee. Ila naomba uniambie: mlipoamini kwamba ni kweli 5-0, mlifanya nini na betri?

Betri Mbili
Baba aliiacha redio imewashwa mpaka zikaisha kabisa. Hakutaka kuizima. Tulisikiliza nyimbo, tukasikiliza matangazo ya vifo, sauti ikawa inapungua mpaka ukawa unaweka sikio. Kesho yake alinunua mpya mbili, jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwa dogo.

Dakika ya Tisini
Geti la Kutokea, naomba nikuulize swali ambalo nimekaa nalo tangu niliposoma mchango wako. Mzee alirudi tena uwanjani? Maana mechi ya Vita ilikuwa miezi mitatu tu baadaye.

Geti la Kutokea
Alirudi, na mguu uleule. Alisema safari hii hatunyanyuki. Chama alipofunga, baba alikuwa amekaa, kwa sababu watu wote waliokuwa mbele yetu walishasimama na yeye hakuona chochote. Alinivuta shati akaniuliza tena, “Nani?” Nikamjibu. Tulibaki palepale mpaka waamuzi walipoingia ndani, mpaka wafagizi walipoanza kupita kwenye ngazi, na mmoja wao ndiye aliyetuomba tuondoke.